Kaboma, HPC au HPMC: jeli ya spiriti isiyo na madonge, unashika kopo lipi?

Juzi kati mdogo wangu (sio wa tumbo moja, tulifahamiana chuoni na mpaka leo ananiita kaka) kanipigia simu kutoka Arusha, siku hizi ameshika maabara ya famasi ya hospitali moja huko. "Kaka shikamoo, nimeambiwa nitengeneze jeli ya spiriti ya wagonjwa wa ngozi, stoo nimekuta makopo matatu ya unga wa kugandishia na sijui nishike lipi." Marahaba, nikamwambia, usifungue hata moja, kwanza niambie spiriti inaingia asilimia ngapi na dawa yenyewe ni ipi. Kimya. Alafu akacheka, si jeli ni jeli tu?

Hapana bana, jeli sio jeli tu. Nimekaa na hii kazi huku Moshi miaka kadhaa, na bechi nilizomwaga karibu zote niliharibu hapo hapo mwanzoni kwenye kuchagua unga, ufundi wa mikono ulikuwa haujafikiwa hata. Kwaiyo yale niliyomwambia kwenye simu nayaweka hapa yakiwa yamenyooka kidogo, maana siku ile nilikuwa naongea huku napima vitu.

Makopo matatu yenyewe yalikuwa kaboma (wengi wanaiita kwa jina la Carbopol), HPC yani haidroksipropili selulozi, na HPMC yani haidroksipropili methili selulozi, ambayo ni ndugu yake. Yote ni unga mweupe, yote yanaganda, na yote yanatoa jeli nzuri ya kung'aa ukiyatumia pale yanapotakiwa. Ukiyapeleka pasipo pake kila moja linakuharibia kivyake.

Tuanze na kaboma maana ndio inayojulikana zaidi na ndio yenye nyodo zaidi. Yenyewe ni asidi. Ukiimwaga kwenye maji inatawanyika tu, maji yanakuwa na ukungu mwembamba na pH inashuka karibu na 3, hakuna jeli hapo. Jeli inakuja ukiongeza besi (kemikali ya kuituliza asidi), minyororo yake inapata chaji, inasukumana, inafumuka, na ndani ya dakika unaona mchanganyiko uliokuwa kama maji ya mchele umesimama. Uzuri wake kwanza haili unga mwingi, nusu gramu mpaka gramu moja kwa gramu 100 inatosha, ina mng'ao, haivutiki kama mlenda, ukiichota inakatika safi kabisa. Na ikigusa ngozi yenye jasho inavunjika papo hapo kwa sababu ya chumvi ya jasho, ndo maana sanitaiza nyingi unazozijua zinahisi kama jeli kwenye chupa alafu mkononi zinageuka maji. Watu wanaipenda hiyo.

Sasa shida inaanzia kwenye besi. Kaboma ya kwenye maji unaweza kuituliza kwa sodiamu haidroksaidi na maisha yakaendelea, ila spiriti ikizidi kama asilimia 20 hiyo chumvi ya sodiamu ya kaboma haitaki tena kukaa kwenye mchanganyiko, inajitoa. Mimi nimeyaona haya kwa macho yangu mwanzoni kabisa mwa kazi, mahali nilipokuwa hakukuwa na besi nyingine, nikasema si besi ni besi, nikaweka kwenye spiriti ya 70. Nikapata kitu kama maziwa yaliyokatika, vipande vyeupe chini na maji juu, lita 5 za spiriti zikaenda na maji, na bosi wangu wa wakati ule hakusema neno alinitazama tu, afadhali angefoka.

Traiethanolamini, TEA kwa kifupi, inakubeba mpaka spiriti ya kama asilimia 60. Ukitaka kwenda juu zaidi, 70 na kuendelea, tafuta AMP (aminomethili propanoli) au TIPA (triaisopropanolamini), hii ya mwisho inafika mpaka kama 90. Kwaiyo mtu akikwambia "nina kaboma" muulize na besi gani, maana kopo la kaboma bila besi inayoendana na spiriti yako ni sawa na kuwa na kiberiti bila njiti. Kwa TEA kadiria gramu moja na nusu kwa kila gramu ya kaboma kufika pH ya karibu 7, ila usiimwage yote kwa mkupuo, izimue, idondoshe kidogo kidogo huku unakoroga polepole, mara nyingi utakuta jeli imeshasimama vizuri hata kabla haujamaliza.

Kingine watu hawaambiwi, kaboma haipendi chumvi. Chumvi yoyote. Hapa ndipo mdogo wangu alinikumbusha balaa la Arusha, kwa sababu maji ya ukanda wa Meru yanajulikana kwa fluoridi, meno ya kahawia ya watu wa kule kila mtu anayajua, na fluoridi haiji peke yake, inakuja na sodiamu na bikaboneti na wenzake. Ukitengenezea kaboma na maji ya bomba ya namna hiyo inapoteza nguvu, unaongeza unga, bado inalegea, unaongeza tena, unaanza kumlaumu aliyekuuzia. Tumia maji yaliyotoneshwa au yaliyoondolewa madini, na hata sisi wa Moshi tunaojisifu maji ya chemchemi za mlima tusijidanganye, ya kunywa ni matamu ila kwenye kaboma ni maji yaliyotoneshwa tu. Dawa ambayo yenyewe ni chumvi nayo inafanya vile vile, diklofenaki ya sodiamu kwa mfano inailegeza kaboma mbele ya macho yako.

Na jua. Jeli ya kaboma kwenye chupa angavu dirishani inapoteza mnato taratibu kwa mionzi, na jua la Moshi la Februari mnalijua.

HPC sasa. Hii mi naipenda na sifichi. Haina chaji, kwaiyo haihitaji besi, pH haiisumbui na chumvi kiasi haziitishi. Kubwa zaidi inayeyuka kwenye spiriti yenyewe, sio inavumilia, inayeyuka kabisa. Ethanoli ya 96 bila tone la maji la ziada inaganda nayo na inakuwa angavu. Ndo maana zile jeli za dukani zenye spiriti kali ziko kwenye HPC, jeli ya erithromaisini ya asilimia 2 inayouzwa Marekani kwa jina la Erygel ina spiriti asilimia 92 na HPC basi, na jeli ya tretinoini ya Retin-A nayo ni spiriti 90 na HPC na kidogo cha kuzuia isioze kwa hewa. Ukiangalia orodha fupi hivo unajua aliyeitengeneza hakuwa na haja ya kuhangaika.

Ila nayo ina tabia zake. Inakula unga zaidi, gramu 1.5 mpaka 2.5 kwa 100 ukiwa na daraja la mnato mkubwa, na hapa angalia lebo kwa makini maana HPC ina madaraja mengi, ukichukua la mnato mdogo utaweka gramu 5 na bado unapata kitu kama sharubati. Pili inavutika. Ukizidisha unapata bamia kabisa, unachota na spachula uzi unakufuata mpaka mezani, wagonjwa wengine hawapendi, wanasema inanata. Ikikauka inaacha utando mwembamba kwenye ngozi, kwa dawa ya chunusi huo utando sio mbaya, kwa sanitaiza ya kupaka mara ishirini kwa siku ni kero. Na tatu, hii muhimu sana, HPC haina ule mgando wa kubeba vitu. Ni asali. Kitu kisichoyeyuka kikiwemo ndani, kama salfa au benzoili peroksidi, kitashuka chini taratibu mpaka unakuta tyubu nusu ya chini ni dawa na nusu ya juu ni spiriti tupu. Kaboma inakishika pale pale ulipokiacha.

Tabia hiyo hiyo inageuka kwenye mapovu. Kaboma iliyosimama ikiwa na povu ndani, lile povu halitoki, utakuja kulikuta wiki ijayo liko pale pale linakuangalia. Kwaiyo kaboma unaitoa hewa KABLA ya besi, ukishaitawanya kwenye maji iache imekaa, hata usiku mzima, mapovu yapande yenyewe wakati bado ni nyepesi, ndo uweke spiriti na mwishoni besi. HPC hata ukiikoroga kama unapiga mayai we funika uende nyumbani, asubuhi unaikuta angavu. Kwa maabara isiyo na mashine ya kunyonya hewa, na zetu nyingi hazina, hiyo peke yake inatosha kukufanya uchague.

HPMC nitaielezea kwa uji. Kila mtu anayejua kupika uji anajua unga haumwagwi kwenye maji ya moto, unaukoroga kwanza na maji baridi pembeni, la sivyo madonge. HPMC ni kinyume chake kabisa. Ukiimwaga kwenye maji baridi nje inalowa haraka inajifunga, ndani inabaki kavu, unapata vidonge vya kuteleza ambavyo hata ukoroge mpaka kesho havivunjiki. Ukiimwaga kwenye maji ya moto, nyuzi 80 mpaka 90, haiyeyuki, inatawanyika tu kama mchanga, alafu unapoongeza maji baridi na joto likashuka ndo inafumuka yote kwa pamoja. (Kwa mnaouliza, Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari na maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, haina shida, 90 unaipata bila wasiwasi.) Lakini sasa hapa tunaongelea spiriti, na maji ya moto na spiriti havikai meza moja, lazima usubiri ipoe kabisa ndo uongeze spiriti. Kuna njia nyingine nzuri zaidi, ilowanishe HPMC na ethanoli yenyewe kwanza, kwenye ethanoli kali haiyeyuki kwaiyo inatawanyika bila donge, alafu ongeza maji ukiwa unakoroga, inaanza kufumuka maji yanapoingia.

Mpaka wake ni spiriti. Bila maji haifumuki. Kwenye spiriti ya 30, 40, 50 iko vizuri tu, nikielekea 70 naona inaanza kuwa na ukungu na inategemea daraja la unga, na ethanoli tupu haiwezi kabisa. Mwaka 2020 kaboma ilipoadimika dunia nzima kila mtu anatengeneza sanitaiza, wengi tulikimbilia HPMC na ilituvusha, jeli haikuwa na mng'ao wa kaboma ila ilipakika. Ukiwa na jeli yenye spiriti kidogo na hauna hela ya kuchezea, hii ndo kopo lako.

Kuna wanaouliza unga mwingine wa kugandishia, zanthani gamu, CMC, HEC. Kwa kifupi, zanthani inavumilia mpaka kama 50 ukiifumua kwanza kwenye maji ila inavutika na huwa na ukungu. CMC ya sodiamu spiriti ikipanda inajitoa. HEC ni ya maji, ya ultrasaundi na mambo hayo. Mi kwenye jeli ya spiriti siziweki kwenye mashindano.

Turudi kwenye swali la pili nililomuuliza, dawa gani, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanakwama baada ya kushinda kwenye spiriti.

Asidi ya salisiliki kwa mfano. Mtu anataka jeli ya asilimia 2 ya chunusi. Ukitumia kaboma lazima uweke besi, besi ikiingia haichagui, itaila na asidi ya salisiliki nayo, unaishia na chumvi ya salisileti ambayo sio dawa uliyoandikiwa, alafu hiyo hiyo chumvi inailegeza kaboma. Umepoteza mara mbili. HPC hapo haina mpinzani. Mi kwa gramu 100 naanza na asidi gramu 2, HPC ya mnato mkubwa gramu 2, glisirini gramu 5, ethanoli ya 96 gramu 60, maji ya kujalizia. Asidi naiyeyusha kwenye ethanoli mpaka isionekane, HPC nailowanisha na glisirini kwenye bika pembeni, naimimina kwenye ethanoli inayozunguka, maji mwisho, nafunika kesho yake naangalia. Hii ni ya kwangu ya kuanzia majaribio, sio ya kitabu, kabla ya kumpa mtu linganisha na fomula za kituo chako.

Klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, ni kesi nyingine ya wazi. Ina chaji chanya, kaboma ina chaji hasi, vikikutana vinashikana vinazama, na kibaya zaidi klorheksidini iliyoshikwa haiui tena wadudu vizuri, kwaiyo una jeli inayoonekana kama dawa na haifanyi kazi. Benzalkoniamu vile vile. HPC tena. Resosinoli inaibadilisha kaboma rangi. Salfa na benzoili peroksidi kama nilivyosema zinataka kubebwa, kaboma.

Menthoni na kafuri... samahani, mentholi na kafuri, hapa ndipo kaboma inang'aa. Huku kwetu soko la jeli ya misuli halilali, wapagazi wa Mlima Kilimanjaro wanashuka Marangu au wanashukia Mweka magoti yamekwisha na kesho kutwa wanapanda tena, wanataka kitu cha kupoza kinachokauka haraka. Ukisaga mentholi na kafuri pamoja kwenye kinu vinayeyushana vinakuwa maji bila moto wowote, mara ya kwanza nilidhani kinu kimevuja. Maji hayo yanaingia kwenye spiriti vizuri kabisa, spiriti ya 40 au 50, kaboma na TEA, inatoka jeli inayopoza, inakatika safi, haiachi utando. Angalia tu usishushe spiriti sana, maji yakizidi mentholi inajitoa na unaona chembe zinaelea. Ukitaka kuongeza ibuprofeni au ketoprofeni kumbuka hizo nazo ni asidi, zitakula sehemu ya TEA yako kabla kaboma haijapata, kwaiyo hesabu ya gramu moja na nusu haitoshi, fuata pH.

Kuhusu kupima pH, usichovye kikaratasi moja kwa moja kwenye jeli yenye spiriti nyingi ukaamini, chukua gramu moja izimue na gramu 9 za maji yaliyotoneshwa ndo upime.

Kukoroga nako kuna kuchagua. Kinu na mchi kwa gramu 50 au 100 kinatosha, na kwa HPC iliyolowanishwa na glisirini kinatoa jeli laini kuliko watu wanavyodhani, ila spiriti inapaa wakati unasaga kwaiyo asilimia inashuka bila wewe kujua, fidia kwa mizani mwishoni. Sumaku ya kukorogea inafaa mwanzoni, jeli ikisimama sumaku inakwama inabaki inatetemeka chini. Mota ya juu yenye kisu cha panga pana ndio yenyewe, polepole, bila kuingiza hewa. Blenda ya mkono ya jikoni nimeiona sana kwenye maabara zetu na siwalaumu, kutawanyia unga kwenye maji sawa, lakini ukiiweka kwenye kaboma iliyokwisha kusimama inakata minyororo na ile haiungi tena, jeli inalegea moja kwa moja. Na mota ya blenda inatoa cheche. Ethanoli ya 80 inaweza kushika moto kuanzia nyuzi 17 na nusu, isopropanoli ya 75 kuanzia 19, sasa Moshi saa saba mchana ni nyuzi ngapi? Mvuke wake ni mzito kuliko hewa unatambaa sakafuni kama paka, jiko la gesi likiwa chumba cha pili linaupata. Madirisha wazi, hakuna moto, hakuna chaja ya simu inayolegea kwenye soketi.

Unga wenyewe, wowote, usiumwage kwa kijiko. Chujio la chai. Unautikisa taratibu juu ya maji yanayozunguka uanguke kama mvua ya manyunyu, kila chembe ilowe peke yake. Nimefanya kazi na mashine za bei mbaya na bado nasema chujio la chai la kwa mangi limeniokoa zaidi. Vaa barakoa, vumbi la kaboma likiingia puani utapiga chafya mpaka jioni, na funga kopo haraka linanyonya unyevu.

Spiriti. Ethanoli au isopropanoli? Kwa jeli ya dawa ya ngozi mi naenda ethanoli, harufu yake inavumilika na wagonjwa wameizoea. Isopropanoli inanukia hospitali mno. HPC inaikubali zote mbili. Ya kwetu kaskazini ina bahati, miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC pale Arusha Chini na molasi zake, na Mwanga kuna kiwanda kinachotengeneza ethanoli, kwaiyo spiriti haitoki mbali. Ila chukua ya daraja la dawa yenye cheti cha uchambuzi, sio ile ya kuwashia majiko, ile imetiwa vitu makusudi ili isinyweke na vingine, kama methanoli, vinapita kwenye ngozi.

Hesabu inawachanganya wengi hapa. Asilimia 70 kwa ujazo sio 70 kwa uzito, ni kama 62.4. Na spiriti ya 96 kwa ujazo ni kama 93.8 kwa uzito. Kwaiyo kilo moja ya jeli ya 70 kwa ujazo inataka kama gramu 665 za spiriti ya 96, na ukipima kwa mizani unakwepa ujanja mwingine wa ethanoli, ukichanganya mililita 50 na maji mililita 50 hupati 100, unapata kama 96 au 97 na bika linapata joto. Anayejaza kwa silinda wakati bado lina joto atakosea tu.

Na kama unachotaka ni sanitaiza ya wodini na sio dawa, kiukweli achana na jeli kabisa. Fomula ya Shirika la Afya Duniani haina unga wowote, lita 10 ni ethanoli ya 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksidi ya 3% mililita 417, glisirini mililita 145, maji yaliyochemshwa yakapoa ya kujalizia, unaiacha saa 72 mbegu za vimelea zilizokuwemo zife ndo unagawa. Hakuna madonge kwenye kitu kisicho na unga. Watu wanakataa kwa sababu inamwagika sakafuni, nawaelewa, lakini nozeli ya kupulizia inatatua.

Bei sitawatajia maana zinabadilika kila nikienda, ila mpangilio haujawahi kunigeukia, HPC ndiyo ghali kwa kilo na inakula gramu nyingi, kaboma ghali kwa kilo lakini gramu moja inakwenda mbali, HPMC ndiyo nafuu. Kupatikana ni hivyo hivyo, HPC wakati mwingine unaagiza Dar unasubiri. Na ukitoka kwenye kumtengenezea mgonjwa mmoja kwa cheti cha daktari ukaanza kujaza matyubu ya kuuza, hapo ni habari ya TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) na usajili, sio habari ya unga tena. Kama uko karibu na Moshi na unaanza, tafuta nafasi ya kutembelea wanaotengeneza dawa za ngozi RDTC, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, ndipo yalikoanzia mafuta ya jua ya Kilisun ya watu wenye ualbino, utajifunza kwa siku moja kuliko nilivyojifunza kwa kumwaga bechi.

Mdogo wangu alirudi na majibu kesho yake. Dawa ni asidi ya salisiliki, spiriti 60. Nikamwambia basi we hauna cha kuchagua, HPC, na kaboma irudishe ndani ifunge vizuri itakufaa ukija kuombwa jeli ya misuli. Akaniuliza kama HPMC isingetosha maana HPC imebaki robo kopo tu. Ingetosha, kwa 60 ingepita, pH ya asidi haiisumbui, ingekuwa na ukungu kidogo tu. Akafikiria. Akasema wagonjwa wake wengi ni mabinti wa sekondari na kitu chenye ukungu watasema kimeharibika.

Jioni kanitumia picha ya bika limewekwa mbele ya dirisha, Meru inaonekana kwa nyuma kupitia jeli. Chini kabisa kulikuwa na vidonge viwili vya kuteleza. Nikamuuliza chujio la chai ulitumia? Akasema alitumia kijiko, chujio lilikuwa la ofisini na dada wa usafi alikataa kulitoa.